Darasani Hakuna Vidole

Sausan alikuwa amewafundisha Kiarabu Wajapani, Wareno, na hata padri mmoja mzee wa Kipolandi aliyesikia kwa sikio moja tu, na hakuna aliyemshinda. Ulimi uliokuja kumshinda ulikuwa wa mumewe Fikri, Mwarabu aliyezaliwa hapo hapo Bakus, Aleksandria, ambaye kabla ya hapo mtaa mzima ulikuwa ukimwomba angalau anyamaze wanywe chai.

Fikri alikuwa fundi wa makochi. Kiharusi kilimkuta kiwandani mwake, chini ya nyumba, amebana misumari midomoni kama kawaida ya mafundi wale, na mteja aliyekuwa naye alidhani amekaa kimya kwa sababu ya misumari. Alirudi kutoka hospitali mkono wa kulia umelala na maneno yamemtoka yote. Lilibaki tusi moja, lililomponyoka bila kuitwa, na Fatiha, ambayo aliweza kuisoma mwanzo mpaka mwisho lakini akikatizwa katikati hakuweza kuendelea. Akili ilikuwepo. Aliyemtazama machoni aliiona. Lakini watu hawana muda wa kutazamana machoni.

Miezi ya mwanzo aliishi kwa vidole vya mkono wa kushoto. Alipotaka redio aligusa sikio. Alipotaka sigara, ambayo hakupewa, alipeleka vidole viwili mdomoni na kukunja uso kabla hajakataliwa. Binti yao wa pekee, Inas, mwenye nywele za msokoto zisizokubali kitana, Fikri alimwita kwa kuzungusha kidole penye kipaji cha uso wake. Baba na binti walielewana hivyo kutwa nzima, wakacheka wenyewe, na Sausan akipita na ndoo ya kudekia alijihisi mgeni katika nyumba yake. Hakulipenda jambo hilo. Yeye riziki yake ilikuwa maneno.

Wanafunzi wake walikuja asubuhi, wakaketi sebuleni. Wakija, Fikri alifungiwa chumbani. Neno kufungiwa Sausan asingelikubali. Yeye alisema mume wangu amepumzika. Vuli ile alikuwa na msichana wa Kikorea, Suyon, aliyekuja hajui herufi hata moja. Sausan alimwanzisha kama alivyowaanzisha wote: penseli inaelekezwa kwenye kitu, mwalimu anasema, mwanafunzi anafuata. Penseli ilikuwa ya mwalimu peke yake. Mwanafunzi aliyenyoosha kidole kuomba sukari alisikia meza ikigongwa kwa penseli, tak, na sauti ya Sausan ikisema, "Darasani hakuna vidole. Sema." Kanuni hiyo ilimpa sifa. Watu walikuwa wakisema kwa Madamu Sausan hata bubu atasema.

Asubuhi moja mlango wa chumbani ulifunguliwa, Fikri akatoka na pajama yake ya mistari, akiburuta mguu, akaja kuketi kando ya yule msichana.

Sausan alitamani ardhi immeze. "Mume wangu," alisema. "Anaumwa kidogo. Atarudi ndani sasa hivi."

Suyon alisimama, akainama, akatoa salamu yote aliyokuwa nayo. "Asubuhi yako iwe njema, ewe bwana."

Fikri akanyoosha kidole kwenye mlango alikotokea, pengine kueleza kwamba huko ndani amechoka kukaa. Sausan, kwa kutojua aifiche wapi aibu yake, alifanya lile ambalo mkono wake ulilizoea. Akainua penseli. "Huu ni mlango."

"Huu ni mlango," alisema Suyon.

Jasho lilimtoka Fikri kwenye mdomo wa juu. "Hu-u," alisema. "Ni. Mlango."

Penseli ilimwanguka Sausan mkononi. Maneno ya kwanza ya mumewe tangu kiharusi cha kiangazi yalikuwa ya Kiarabu cha vitabuni, Kiarabu ambacho maishani mwake hakuwahi kukisema, kwani Bakus hakuna mtu anayesema hivyo mlango ukiwa mbele yake. Lakini yalikuwa maneno. Kuanzia siku hiyo wanafunzi wakawa wawili.

*

Rushdi, kaka yake Fikri, alikuja siku ya Ijumaa na basbusa, keki ya shira, katika boksi lenye utepe. Alikuwa mtu mnene, msafi, mwenye kunukia, na alikuwa na tabia ya kusema na nduguye kwa kelele kana kwamba kiharusi kilipiga masikio.

"Fikri, unanijua?" alipaza sauti mpaka paka akaruka kutoka dirishani. "Mimi nani?"

Fikri alimtazama. Kisha akaupeleka mkono wa kushoto mbele ya tumbo lake mwenyewe, akalichora tumbo kubwa hewani, akalipapasa kwa heshima. Inas aliyekuwa akimimina chai aliangua kicheko. "Amekujua, ami. Amekujua sana."

Lakini Sausan alikuwa amengoja siku hii. Alitaka shemeji yake ashuhudie alichokifanya. Akagonga meza, tak. "Kwa maneno, Fikri. Sema kwa maneno."

Mkono ukashuka. Fikri akakaza uso, mishipa ya shingo ikamtoka, akahangaika huko ndani alikokuwa akihangaika, akarudi na kile alichokipata. "Huu ni mlango."

Rushdi alicheka mpaka akatoa leso. Alipomaliza kujifuta macho, sauti yake ikawa ya chini na ya kirafiki, na hapo ndipo Sausan alipoingiwa na hofu.

"Shemeji, mimi na wewe tusifichane. Nimepeleka maombi mahakamani. Niwekwe kuwa msimamizi wake."

"Msimamizi wa nini?"

"Wa mambo yake. Wa mali. Wa matibabu. Nyumba hii ni ya marehemu baba, nusu yangu nusu yake, na mjenzi anaitaka abomoe apandishe ghorofa. Kabla ya ugonjwa aligoma, nikamwacha. Sasa nani wa kugoma?"

"Atagoma mwenyewe. Ana akili zake."

"Kwake mimi ni mlango, shemeji. Umesikia kwa masikio yako." Alikata kipande cha basbusa, akakipeleka kinywani mwa Fikri kama anayelisha mtoto, na shira ikamdondokea Fikri kidevuni. Hakuna aliyemfuta. "Tena usiwe na wasiwasi na mambo ya ndoa. Inas nitamwozesha mimi kwa huyo mchumba wake. Ni mwanangu huyu. Au mnataka aozeshwe na mlango?"

Alipoondoka, Inas alichukua leso akamfuta baba yake. Tusi lile moja lilimtoka, safi, halina kigugumizi, na safari hii lilikuwa limepata mwenyewe.

Wakili ambaye Sausan alimwendea alikuwa jamaa yao wa mbali, mwenye ofisi juu ya duka la dawa. Alimsikiliza huku akila mbegu za maboga.

"Ndoa ya binti ni kabla ya kesi au baada?"

"Kabla. Shaabani hii, siku chache kabla ya kesi."

"Basi sikiliza, mama Inas. Mumeo akimwozesha binti yake kwa ulimi wake mwenyewe, mbele ya sheikh na mashahidi, hakuna hakimu atakayethubutu kusema hana akili. Akishindwa, nduguye hatakuwa na haja ya kutafuta shahidi. Msikiti mzima utakuwa shahidi wake."

Kwa ulimi wake mwenyewe. Sausan alirudi nyumbani kwa miguu, mvua ikimpiga, na maneno hayo akayabeba kichwani njia nzima asije akayapoteza.

*

Sentensi yenyewe si ndefu. Sheikh hutandaza leso nyeupe juu ya mikono miwili iliyoshikana, wa baba na wa bwana harusi, kisha baba husema: Nimekuozesha binti yangu, kwa mahari tuliyokubaliana. Kijana hujibu: Nimekubali. Wanaume wenye ndimi nzima huisema huku wakifikiria foleni ya magari. Sausan aliigawa vipande kama anavyogawiwa nyama mgonjwa asiye na meno. Aliketi mbele ya mumewe kila siku baada ya somo la Suyon, akatandaza leso, akaushika ule mkono wa kulia usio na nguvu, akawa bwana harusi.

"Nimekuozesha."

"Nime. Nime. Nime."

"Kuozesha."

"Nimechoka," alisema Fikri siku moja, na Sausan akafurahi mpaka akambusu kichwani, maana neno lile hakumfundisha. Kisha akamrudisha mwanzo.

Kanuni ya vidole sasa haikuwa ya darasani tu. Ilienda jikoni, ikaenda mezani, ikaenda mpaka chooni. Akionyesha gudulia la maji hakupewa maji. Akionyesha mkate hakupewa mkate. Alikaa na kiu, macho yamemtoka, akilitafuta neno, na Sausan akasimama mbele yake na bilauri imejaa mkononi, moyo ukimwuma kweli kweli, akangoja. Mara nyingine neno lilikuja. Mara nyingine halikuja, na bilauri ikarudi mezani. Alipoinua mkono tu alisikia tak. Baada ya muda hakuinua tena. Mkono wa kushoto, ambao ulikuwa bado mzima, uliokuwa umewahi kushona makochi ya nusu ya mtaa, alijifunza kuukalia.

Suyon alimaliza kitabu cha kwanza. Alianza kusimulia habari za nyumbani kwao, theluji, bibi yake anayelima kabichi, na makosa yake yakawa ya watu wakubwa. Siku aliyofungua kitabu cha pili, Fikri alivuta kiti chake kama kawaida, akaona picha hazipo tena, maandishi matupu, akakifunga kile kitabu chake cha milango na madirisha na kukikumbatia. Suyon alilia. Alisema, "Mwalimu, namwacha nyuma. Ni vibaya." Sausan akamjibu kwamba mwanafunzi hamngoji mwanafunzi, akaenda jikoni akafungua bomba ili yasikike maji tu.

Ugomvi na Inas ulizuka kwa sababu ya kijiko cha sukari. Sausan aliingia akamkuta binti yake akikoroga chai ya baba, na Fikri amenyanyua kidole, kimoja, cha kuomba kijiko kingine.

"Nimekukataza."

"Kijiko cha sukari tu, mama."

"Leo kijiko. Kesho atakaa mbele ya sheikh ampungie mkono. Ndivyo unavyotaka?"

"Nataka anywe chai yake." Inas alikiweka kijiko mezani polepole. Alikuwa amekonda, na gauni la harusi lilikuwa limekwisha kupunguzwa. "Unamfundisha kama Mkorea. Yeye si Mkorea, ni baba. Mtu asemaye na mimi kwa kidole namwelewa, asemaye na wewe kwa kitabu humwelewi. Mwache ami Rushdi akae pale, tumalize. Mimi sitaki watu wamtazame baba akitoka jasho kwa ajili yangu."

"Ukimwacha ami yako akae pale, mwezi ukiisha hatuna pa kulala. Hilo hulijui?"

"Nalijua. Nalijua pia kwamba baba anakuogopa."

Fikri alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, na mkono wake ukarudi chini ya paja.

Lakini mwezi wa Rajab ulipokwisha, alasiri moja, mvua ya baridi ikipiga madirisha, Fikri aliitazama leso, akamtazama mkewe, akasema yote. "Nimekuozesha. Binti yangu. Kwa mahari. Tuliyokubaliana." Taratibu, kila neno limesimama peke yake, lakini yote. Sausan alijibu, "Nimekubali," kisha akaangua kilio, na Fikri akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Wakarudia siku ya pili, akasema. Siku ya tatu, akasema. Nyumba ikanukia mlenda wa sungura, chakula alichokipenda Fikri, na Sausan akala mara mbili. Kwa siku zile chache aliamini ameshinda.

Kitu kimoja hakukifanya, naye mwalimu wa miaka yote hiyo. Wanafunzi wake aliwatuma sokoni kununua nyanya, akawatuma kwa kinyozi, akawatuma wabishane na wauza samaki, kwa sababu alijua mtu anayesema na mwalimu wake tu hajajua kusema. Fikri hakumtuma popote. Hakutaka watu wamwone kabla hajawa tayari.

*

Ndoa ilifungwa Alhamisi baada ya sala ya alasiri, msikitini karibu na stesheni ya tramu. Wanaume walikuwa chini, wanawake juu, nyuma ya kiambaza cha mbao chenye matundu. Rushdi alikuwa amewaalika watu wengi kuliko bwana harusi mwenyewe. Mjenzi naye alikuja, akiwa na suti na tasbihi.

Sausan alijibana kwenye kiambaza, paji la uso limegusa mbao. Upande mmoja alisimama Suyon, amevaa mtandio aliojifunga vizuri kuliko wenyeji. Upande mwingine mama yake Wail, bwana harusi, alikuwa akiuliza kwa sauti ambayo ilidhaniwa ni ya chini kama maradhi hayo hurithiwa.

Fikri aliketi mbele ya sheikh, amenyolewa, suti ya zamani ikimning'inia. Wail aliketi mbele yake, kijana wa bandarini mpole, masikio yamemwiva kwa haya. Sheikh alikuwa mzee mchangamfu. Aliuchukua mkono wa kulia wa Fikri kama mtu anayeokota ndege, akautia ndani ya mkono wa Wail, akatandaza leso.

"Nifuatishe, haji. Nimekuozesha."

Fikri alimtazama sheikh. Akamtazama Wail. Mkono chini ya leso haukuwa wa Sausan. Uso mbele yake haukuwa wa Sausan. Nyuma yake kulikuwa na watu wanaokohoa.

"Nimekuozesha," alirudia sheikh.

Midomo ya Fikri ilifunguka. Hakikutoka kitu. Huko juu midomo ya Sausan ilikuwa ikitembea, Nime, Nime, kucha zimeingia kwenye matundu ya mbao, na hakusikia lolote jingine duniani. Ndiyo maana aliyesikia kwanza ni Suyon.

"Mwalimu," alimvuta nguo. "Mwalimu, sikiliza. Sheikh amesema ishara inatosha."

"Nini?"

"Amesema, asiyeweza kusema, ishara yake inayoeleweka ndiyo maneno yake. Amesema aitikie kwa kichwa tu. Au kwa mkono. Ataandika hivyo hivyo kwenye cheti."

Sausan alichungulia tena kwenye matundu. Chini, sheikh alikuwa ameinama mbele, anatabasamu, anamwonyesha Fikri jinsi ya kuitikia kwa kichwa. "Usijichoshe, haji. Unamwozesha binti yako kwa kijana huyu? Nionyeshe tu. Kichwa, mkono, kidole, chochote. Mungu hataki zaidi ya hapo."

Jambo lilikuwa jepesi hivyo. Miezi ile yote hakuna aliyemwuliza sheikh, kwa sababu nyumba ile ilikuwa ya mwalimu wa lugha, na katika nyumba ya mwalimu wa lugha nani angefikiri kwamba kuna mahali ambapo maneno hayahitajiki?

Fikri hakuitikia. Kichwa hakikutikisika. Mkono wa kushoto ulikuwa chini ya paja lake, ameukalia.

"Haji, umenielewa?"

Alielewa. Sausan aliona kwamba ameelewa. Aliona jinsi bega la kushoto lilivyotaka kupanda na jinsi alivyolizuia. Alikuwa mwanafunzi mzuri. Alikuwa akingoja ruhusa.

"Fikri!" Sauti ya Sausan iliupasua msikiti. Vichwa vyote vya wanaume viligeuka juu. "Onyesha! Onyesha kwa mkono!"

Lakini kwa miezi ile yote sauti hiyo ilikuwa imemaanisha jambo moja tu. Fikri alipoisikia alinyoosha mgongo. Akakaza uso, mishipa ikamtoka shingoni, jasho likamtiririka mpaka kwenye kola. Akakusanya kila kilichokuwa kimebaki ndani yake, kwa ajili yake, ili asimwaibishe mbele za watu, akasema kwa sauti ambayo tangu kiharusi hajawahi kuitoa, kubwa, ya wazi, ikafika mpaka penye viatu:

"Huu ni mlango."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajizuia. Wail aliinamisha kichwa. Sheikh aliufunika mkono wa Fikri kwa mikono yake miwili.

"Mmesikia wenyewe, jamaa," alisema Rushdi, na kwa haki aliyostahili lazima isemwe kwamba hakutabasamu. Alimshika nduguye kwapani, akamwinua, akamsogeza kando kama kochi linalongoja kitambaa, akaketi penye nafasi ile ingali na joto. "Tuendelee, sheikh. Watu wana safari."

Aliisema sentensi yote kwa pumzi moja. Wanawake wakapiga vigelegele, kwa sababu ndoa ni ndoa. Inas, katikati yao, na gauni lake jeupe, alikuwa ameziba uso kwa viganja viwili, na wale wasiojua walisema bibi harusi ana haya.

*

Sherehe ilikuwa ukumbini baada ya isha. Rushdi alikuwa amesema, kwa wema, kwamba mgonjwa abaki nyumbani apumzike. Sausan alimrudisha kabla ya magharibi, akamvua koti, akamkalisha kwenye kiti chake cha darasani. Huko nje gari la kumpeleka Sausan ukumbini lilikuwa limekwisha fika na dereva anapiga honi fupi fupi.

Hakubadilisha nguo. Alikaa mbele yake, mezani, na kitabu cha milango na madirisha kilikuwa kati yao. Alitaka kuomba radhi. Alikuwa na maneno ya kuomba radhi ya kila daraja, ya mwanzo, ya kati, mpaka yale ya barua za ofisini, na hakuna hata moja lililomfaa. Siku chache tu na mahakama itakaa. Rushdi ataingia na msikiti wake mzima.

Fikri alikuwa na kiu. Midomo ilimkauka. Alilitazama gudulia la maji, akamtazama mkewe, akaanza kuhangaika. "M," alisema. "M. M."

"Basi," alisema Sausan.

"M."

"Basi, Fikri. Basi, mpenzi wangu." Aliinuka, akazunguka meza, akapiga magoti. Akaingiza mkono wake chini ya paja la mumewe, akautoa ule mkono wa kushoto. Ulikuwa umekufa ganzi kwa kukaliwa. Akausugua. Akakikunjua kidole kimoja kimoja, akakishika cha shahada kwa vidole vyake mwenyewe, akakinyoosha kuelekea gudulia.

Fikri alimwangalia, kisha akaiangalia penseli pale mezani, na bega lake likajikunja kungoja. Sausan aliichukua penseli. Aliivunja. Haikuwa rahisi, ilimchoma kiganja, lakini ilivunjika.

Akammiminia maji, akamnywesha, mengine yakamwagika kifuani. Honi ikalia tena. Alipotaka kuinuka, Fikri alimzuia kwa kuupandisha mkono. Ulipanda polepole, kama mkono wa mtu anayegusa jiko akihofia kuungua. Kidole kikafika penye kipaji cha uso wake, kikazunguka, mara moja, mara mbili, zile nywele za msokoto. Kisha kikashuka kikagusa kifua chake, upande wa moyo. Kisha kiganja kikafunguka chote, kikanyooshwa mbele, kitupu, kikampa mtu asiyekuwepo kila kilichokuwa ndani yake.

Akabaki ameunyoosha hivyo hivyo, anamtazama mkewe, anangoja jibu, kama walivyokuwa wakifanya alasiri zote zile kwenye leso.

Sausan alilijua jibu. Alikuwa amelisema mara nyingi katika meza hiyo. Alifungua mdomo, neno halikuja, akafungua tena. Basi akamwitikia kwa kichwa.